Mlimani, Dodoma au chuo kidogo cha mkoani? Namna ya kupima kabla hujathibitisha udahili

Kila mwaka NECTA ikishatoa matokeo ya kidato cha sita, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. "Mwalimu, Mlimani wamenichukua lakini kozi si ile niliyoitaka, na chuo kimoja cha Iringa wamenipa kozi yangu. Niende wapi?" Mzazi naye: "Hivi hivi vyuo vidogo vinatambulika kweli?" Nimeyajibu haya moja moja kwa miaka, sasa nayaandika yote mahali pamoja. Ukinitumia swali hilo hilo tena nitakurudisha hapa.

Mwongozo huu ni wa anayeingia shahada ya kwanza Tanzania, awe ametoka kidato cha sita au stashahada. Wa Kenya mna KUCCPS na taratibu zenu. Hatua ya 3 na ya 6 zitawafaa, nyingine zirukeni.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Watu husema "chuo kikubwa" wakimaanisha cha serikali, na "chuo kidogo" wakimaanisha cha dini au cha mtu binafsi. Sivyo. Chuo Kikuu cha Ardhi ni cha serikali, lakini kimejikita kwenye mambo ya ardhi, majengo na mipango miji. DUCE pale Chang'ombe na MUCE kule Iringa ni vya serikali pia, vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM, yaani Mlimani) tangu 2005, na maisha yake hayafanani na ya Mlimani. SAUT ya Mwanza ni ya Kanisa Katoliki, lakini ukifika Nyegezi wakati wa masomo hutaiita ndogo. UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, ilifunguliwa 2007 ikiwa imepangwa kufikia wanafunzi 40,000, idadi ya watu wa mji mdogo mzima. Na Mlimani yenyewe inayotajwa kwa heshima zote ilianza 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wa sheria wasiofika hata 15.

Kwa hiyo unalinganisha mambo mawili tofauti: nani anamiliki chuo, na mtakuwa wangapi. Yatenganishe kichwani kabla hujaendelea.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Matokeo yako ya kidato cha nne na cha sita (au stashahada), pamoja na namba za mtihani. Usitegemee kumbukumbu, ziandike.
- Mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka huu. Unapatikana bure kwenye tovuti ya Tume. Kuna wa waliotoka kidato cha sita na kuna wa wenye stashahada, hakikisha umechukua wa kwako. Wa mwaka jana usiutumie hata kama kaka yako anao kwenye simu, maana kozi huongezwa, nyingine hufutwa, na vigezo hubadilika.
- Cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, au ZCSRA kama umezaliwa Zanzibar. Uhakiki huu ni wa mkopo. Uanze mapema, foleni yake huwa ndefu.
- Namba za simu za watu watatu wanaosoma au waliosoma kozi unayoitaka. Nitaeleza ni akina nani.
- Kauli ya mzazi au mlezi kuhusu pesa, kwa tarakimu. "Tutajitahidi mwanangu" si tarakimu.
- Daftari. Kila chuo kipe ukurasa wake.

Hatua ya 1: Hesabu pointi zako kabla ya kuota

Kwa aliyemaliza kidato cha sita kuanzia 2016, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kiwango cha chini kabisa cha kuingia chuo kikuu ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4.0, na masomo hayo yawe yale kozi inayoyataka. S (subsidiary) haihesabiki hapo. Waliomaliza 2014 na 2015 wana viwango vyao, vimeandikwa kwenye mwongozo huo huo. Mwenye stashahada anatakiwa awe na GPA isiyopungua 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne.

Sasa sikiliza. Pointi 4.0 zinakuruhusu kuomba tu. Hazikupi nafasi. Ukiwa na D mbili, unayo ruhusa ya kuomba kozi nyingi za sanaa nchini, ila kwenye kozi inayogombewa Mlimani utakuwa unashindana na wenye A na B. Mwongozo una safu inayoonyesha pointi za chini ambazo chuo chenyewe kimeweka kwa kila kozi. Isome hiyo, usiishie kwenye kiwango cha jumla.

*Kosa la kawaida:* kuomba kozi tano za ndoto kwenye chuo kimoja kikubwa, kisha dirisha la kwanza, yaani awamu ya kwanza ya maombi, likapita bila jina lako popote. Panga hivi: moja ya kujaribu bahati, mbili zinazolingana na pointi zako, moja ambayo una hakika nayo.

Hatua ya 2: Chagua kozi, chuo kije baadaye

Najua hutaki kulisikia hili, maana nyumbani wamekwisha kusema "mwanetu anakwenda Mlimani". Lakini miaka mitatu au minne ya kozi usiyoipenda ni mirefu, na wale ninaowajua walioingia "ili mradi Mlimani" wengi walianza kutafuta kuhama mwezi wa pili.

Kozi ukishaichagua, angalia kama taaluma yake ina bodi au baraza linalosajili wahitimu. Mhandisi husajiliwa na ERB, mhasibu hupitia mitihani ya NBAA, daktari yuko chini ya baraza la taaluma yake, na anayetaka uwakili lazima apite Shule ya Sheria kwa Vitendo (Law School of Tanzania) ya Dar es Salaam, awe ametoka Mlimani au chuo kidogo cha mkoani. Milango hiyo ni ya wote, na kwenye mtihani wa NBAA hakuna anayeongezewa alama kwa jina la chuo alichotoka. Ila uliza kwanza kama shahada ya chuo hicho, kwa kozi hiyo, inatambuliwa na bodi husika. Chuo kinaweza kuwa halali na kozi moja ikawa na kasoro.

Soma pia jina la kozi neno kwa neno. Shahada ya Sayansi na Ualimu si sawa na Shahada ya Ualimu katika Sayansi, na tofauti hiyo huonekana kwenye tangazo la ajira.

Hatua ya 3: Pima darasa lako, si chuo

Hapa ndipo watu hukosea zaidi, basi tukae kidogo.

Ukubwa wa chuo si ukubwa wa darasa lako. Chuo chenye makumi ya maelfu ya wanafunzi kinaweza kuwa na kozi ya watu wachache ambao mhadhiri anawajua kwa majina. Jiolojia ni mfano mzuri. Chuo kidogo cha mkoani nacho kinaweza kuwa kimejaza ualimu wa masomo ya sanaa mpaka wengine wanasikilizia dirishani. Ualimu wa sanaa, sheria na biashara hujaa karibu kila mahali, kwa sababu hazidai maabara, na chuo kisicho na ruzuku ya mishahara kinaishi kwa ada za kozi hizo hizo. Kwa hiyo "nakwenda chuo kidogo ili nipate uangalizi" inaweza kuwa kweli, na inaweza kuwa ndoto.

Fanya hivi:

a) Fungua mwongozo wa TCU, tafuta kozi yako, soma safu ya nafasi za udahili. Hiyo ndiyo idadi ya juu ya watu mtakaoingia mwaka wa kwanza. Iandike kwenye ukurasa wa kila chuo.

b) Mtafute CR (kiongozi wa darasa) wa mwaka wa kwanza au wa pili wa kozi hiyo, umwulize kundi lao la WhatsApp lina watu wangapi. Kwa uzoefu wangu namba hiyo ina ukweli kuliko ya kwenye karatasi.

c) Uliza kuhusu masomo ya pamoja. Karibu kila chuo kina masomo ambayo kozi nyingi huchangia, kama stadi za maendeleo na stadi za mawasiliano. Hata kozi ya watu 30 itakaa ukumbi mmoja na mamia huko. Hilo ni la kawaida, lisikutishe.

d) Uliza semina zina watu wangapi na anayeziongoza ni nani. Vyuo vikubwa, profesa anatoa mhadhara kwa mamia, kisha mnagawanywa kwenye makundi chini ya wakufunzi wasaidizi, wale wanaoitwa TA. TA mzuri atakufundisha kuliko profesa, maana mtihani ule ule kaufanya juzi. Kama makundi hayapo, au yapo kwenye ratiba tu, hapo ndipo pa kuogopa.

e) Uliza wanaofundisha ni waajiriwa au ni wa kuazima. Swali hili ni la vyuo vidogo hasa. Kuna vyuo ambavyo nusu ya wahadhiri hutoka chuo kingine, wanakuja Ijumaa na Jumamosi, wanafundisha saa sita mfululizo, wanaacha desa (nakala za somo) kwa CR na kupanda basi. Ukikwama Jumanne huna wa kumwona.

f) Uliza alama za majaribio hurudishwa baada ya muda gani. Katika vyuo vingi alama 40 kati ya 100 ni kazi za semista na 60 ni mtihani wa mwisho. Kama majaribio yanarudi baada ya mtihani, unaingia chumba cha mtihani hujui umesimama wapi, na sup (kurudia mtihani) huanzia hapo.

*Kosa la kawaida:* kuuliza "chuo chenu kikoje?" Utajibiwa "kipo poa". Uliza jambo lenye namba.

Hatua ya 4: Angalia vitu ambavyo haviwezi kukufuata

Kitabu unaweza kukisoma kwenye simu ukiwa Sumbawanga. Maabara, hospitali, shamba na karakana huwezi kuvibeba. Kwa hiyo kwa kozi za vitendo usianze na wangapi mpo, anza na vilivyopo.

Udaktari unaonyesha hili vizuri. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha serikali, iko Upanga na wanafunzi wake hujifunzia Muhimbili. Lakini KCMC Moshi na Bugando Mwanza, vyuo vyenye wanafunzi wachache zaidi, vimeshikana ukuta kwa ukuta na hospitali za rufaa za kanda. Mwanafunzi wa tiba anahitaji wagonjwa, na wagonjwa wako pale. Ukiniuliza mimi, hapo udogo haupotezi chochote, kinachouma ni ada. Kwa kilimo na mifugo, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) ya Morogoro ina mashamba yake. Kwa upimaji ardhi na usanifu majengo, Ardhi ndiko taaluma hiyo ilikokulia.

Kwa kozi za kusoma na kuandika, kama sheria, historia au lugha, kifaa chako ni maktaba. Mlimani walifungua maktaba mpya mwaka 2018, iliyojengwa kwa msaada wa China, inayoweza kukalisha wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Chuo kidogo hakitakupa hiyo. Kinachoweza kukupa ni kiti cha uhakika na umeme saa 3 usiku, na wakati wa mitihani hivyo navyo si haba.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya pesa kwa miaka yote

Ada ya kozi nyingi Mlimani iko kati ya milioni 1 na milioni 1.5 kwa mwaka. Kwa ualimu na sanaa, vyuo binafsi havijapishana nayo sana kama watu wanavyodhani. Pengo kubwa liko kwenye udaktari, ambapo ada ya binafsi inaweza kuwa mara tatu au zaidi. Soma ada ya kozi yako kwenye tovuti ya chuo, kisha tafuta michango inayoandikwa chini kwa herufi ndogo: usajili, mitihani, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, na bima ya NHIF ya 50,400 kwa asiye na bima. Michango ndiyo huwashangaza wazazi siku ya kuripoti.

Sasa mkopo. HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, huwakopesha wa vyuo vya serikali na vya binafsi, vyote vilivyosajiliwa. Ukipewa asilimia fulani ya ada na chuo chako ni ghali, kilichobaki ni cha kwenu. Fedha ya chakula na malazi, yaani bumu, ni shilingi 10,000 kwa siku, uwe Dar au uwe Iringa. Soma tena sentensi hiyo, maana ndani yake mna hesabu ambayo wengi hawaipigi.

Bumu huja kwa mafungu ya siku kama 60, sawa na 600,000. Tuseme Dar umepanga gheto la 70,000 kwa mwezi Changanyikeni au Ubungo, na nauli ya daladala ni 1,200 kwa siku kwa siku 44 za vipindi. Kodi ya miezi miwili ni 140,000 na nauli ni 52,800. Unabaki na 407,200, kama 6,800 kwa siku. Tuseme Iringa chumba ni 40,000 na chuoni unatembea kwa miguu. Unabaki na 520,000, kama 8,700 kwa siku. Tofauti ni sahani ya wali maharage na chai juu, kila siku ya Mungu. Namba za kodi na nauli nimezitolea mfano tu, weka za kwako baada ya kuuliza.

Hosteli za chuo zina unafuu mkubwa, lakini usizihesabu kabla hujazipata. Zile za Magufuli pale Mlimani zilifunguliwa 2017 na bado waliokosa ni wengi, ndiyo maana neno *kubebana*, wawili kitanda kimoja, halijafa. Kuna vyuo vidogo ambavyo kila wa mwaka wa kwanza anapata kitanda. Kuna vingine havina hosteli kabisa. Uliza.

*Angalizo la kwanza:* wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na bumu la kwanza huchelewa. Kuwa na pesa ya kuanzia.

*Angalizo la pili:* kuomba chuo si kuomba mkopo. Mkopo unaombwa kwenye mfumo wa HESLB wenyewe, kwa ada ya shilingi 30,000, na fomu yake inahitaji sahihi na mihuri kuanzia serikali ya mtaa. Namba ya kidato cha nne utakayoombea mkopo iwe ile ile uliyoombea chuo. Aliyerudia mtihani akatumia namba mbili tofauti hujikuta hana mkopo na hajui kwa nini.

*Angalizo la tatu:* hizo pesa zitarudi. Ukiajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara.

Hatua ya 6: Jipime wewe mwenyewe

Niseme langu. Nilisoma chuo kikubwa ambacho sitakitaja. Mwaka wa pili matokeo yalitoka, somo moja likaonyesha sina alama za semista, na majaribio yote nilifanya. Mhadhiri alikuwa amekwenda masomoni ng'ambo. Nilizunguka ofisi wiki mbili, kila meza ikinielekeza meza nyingine, mpaka TA mmoja akakumbuka kwamba karatasi za kundi letu zilibaki kwenye kabati lake. Kama ningekuwa mtu wa kunyamaza, ningerudia somo lile.

Mdogo wangu alikwenda chuo kidogo. Akikosa kipindi siku mbili, mlezi wa wanafunzi anampigia simu. Raha tupu, mpaka mhadhiri wa somo kuu alipoacha kazi katikati ya semista na kwa wiki tano hapakuwa na mbadala, kwa sababu mwenye kulijua somo lile pale alikuwa huyo mmoja.

Jibu maswali haya kwa ukweli, peke yako, bila mzazi pembeni. Ukikwama huwa unauliza, au unangoja kuulizwa? Umewahi kukaa mwezi mzima bila mtu wa kukusukuma kusoma? Ukiwa na shilingi laki sita mkononi, wiki ya tatu zinakuwa ngapi? Aliyesoma bweni la seminari, kengele ikimwamsha na kengele ikimlaza, akiingizwa mji wa watu elfu ishirini ambako hakuna anayejua kama ameamka, hupata shida kubwa kuliko aliyezoea kujipangia. Hilo halihusiani na akili. Na kuna wa aina ya pili, ambaye kwenye chuo cha watu mia tisa atakosa hewa mwezi wa kwanza: anataka midahalo, michezo na watu wa mikoa yote.

Hatua ya 7: Nenda ukaone, au mtume mtu

Nenda siku ya kazi wakati wa semista. Siku ya mahafali chuo chochote kinapendeza. Tazama vyoo vya wanafunzi, maktaba jioni, na ukumbi wa mihadhara saa 8 mchana kama kweli kuna mtu anafundisha. Soma mbao za matangazo: tangazo la mwaka juzi likiwa bado pale, umeshajifunza kitu kuhusu ofisi.

Huna nauli? Piga simu kwa wale watatu: mmoja wa mwaka wa pili, mmoja wa mwaka wa mwisho, na mmoja aliyemaliza miaka miwili iliyopita. Wa mwaka wa pili atakwambia kuhusu madarasa, wa mwisho atakwambia kuhusu fildi (mafunzo kazini) au TP (mazoezi ya kufundisha): chuo kinawatafutia nafasi au kila mtu na lwake?, na aliyemaliza atakwambia cheti kilichukua muda gani kutoka. Wa mwaka wa kwanza mwache, bado yuko fungate.

Hatua ya 8: Omba, subiri, thibitisha

Tangu 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja kwenye chuo, hayapitii tena mfumo mmoja wa TCU. Kila chuo kina akaunti yake na ada yake ya maombi, ambayo kwa vyuo vingi ni 10,000. Unaweza kuomba vyuo kadhaa. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, utatumiwa namba maalumu kwa ujumbe wa simu, na utaitumia kuthibitisha kimoja tu ndani ya tarehe zilizowekwa. Hapo ndipo daftari linapofunguliwa. Weka kurasa mbili kando kwa kando: darasa, vifaa, pesa ya mwaka, pa kulala, wewe. Chuo kinachoshinda kwenye darasa na pesa kwa pamoja, kichukue, hata kama shangazi hajawahi kukisikia.

*Kosa la kawaida:* kumpa mtu wa stationari akuombee chuo kwa namba yake ya simu na nywila yake. Siku ya kuthibitisha ujumbe unaingia kwake, naye hayupo. Tumia namba yako na uiandike nywila.

Mambo yakienda kombo

*Namba ya kuthibitisha haijaja.* Ingia kwenye akaunti ya chuo unachokitaka, kuna sehemu ya kuomba itumwe upya. Usingoje siku ya mwisho, mifumo huzidiwa.

*Umethibitisha, kisha umebadili mawazo.* Kabla dirisha halijafungwa unaweza kutengua na kuthibitisha kingine ulichochaguliwa. Likishafungwa, njia ni uhamisho kwa utaratibu wa TCU: uwe na sifa za kozi unayohamia, na nafasi iwepo. Mwenye mkopo awataarifu HESLB kupitia chuoni, la sivyo bumu litaendelea kwenda chuo cha zamani.

*Dirisha la kwanza limekupita.* Omba la pili, na ubadilishe kozi. Kurudia maombi yale yale ni kupoteza 10,000. Vyuo vikubwa hubaki na nafasi chache kwenye kozi zinazogombewa, kwa hiyo dirisha la pili ndipo vyuo vidogo vyenye kozi yako huwa na faida.

*Una mashaka na uhalali wa chuo.* Tafuta jina lake kwenye orodha ya TCU, kisha tafuta kozi yenyewe kwenye mwongozo wa mwaka huu. Mwaka 2017 Tume ilizuia vyuo 19 kudahili mwaka wa kwanza, na baadhi ya wazazi walikuwa wameshaanza kukusanya ada. Kozi isiyomo kwenye mwongozo, usiilipie hata senti, haijalishi bango lake ni kubwa kiasi gani.

*Mkopo haukutoka, au umetoka kidogo.* Subiri orodha zote, hutoka kwa awamu. Kisha kuna dirisha la rufaa. Rufaa bila kielelezo kipya haina nguvu: peleka cheti cha kifo cha mzazi, barua ya ulemavu, chochote ulichosahau mara ya kwanza. Wakati huo uliza chuo kama kinaruhusu kulipa ada kwa awamu. Vyuo vingi binafsi havikupi kibali cha mtihani ukiwa na deni, basi ujue tarehe zao.

*Mzazi hataki kusikia jina la chuo kidogo.* Usibishane, mpe tarakimu. Pia mwonyeshe kwamba kazi za serikali zinazopita Sekretarieti ya Ajira zina usaili wa kuandika, na pale karatasi ni moja kwa wote. Mwambie na hili: anayetaka kubaki chuoni kuwa mkufunzi msaidizi kwa kawaida hutakiwa GPA ya 3.8 na kuendelea. GPA hiyo kaitafute mahali utakapoweza kuipata. Asipoelewa, mwombe akuandikie bajeti ya Dar kwa mkono wake mwenyewe.

*Umeripoti na hali si uliyoambiwa.* Maliza semista ya kwanza kwanza, mwezi wa kwanza kila chuo kinachukiza. Kama ni ugonjwa au ada, usiondoke kimyakimya: andika barua ya kuahirisha mwaka, ipigwe muhuri, ubaki na nakala. Aliyeahirisha kwa barua anarudi kwenye nafasi yake. Aliyetoroka anahesabiwa amedisko (ameondolewa masomoni), na deni la HESLB linabaki kwenye jina lake.